Kovu linalovuka mpaka wake

Kama weusi wa ngozi ndio unaoleta keloidi, basi Mtanzania mwenye ualbino angekuwa salama. Ngozi yake haina melanini, ile rangi inayoitia ngozi weusi, ya maana. Jua linamuunguza, saratani ya ngozi inamnyemelea tangu ujanani, lakini angalau hili la makovu kuota na kutambaa lingempita. Halimpiti. Mwaka 2015 jarida la British Journal of Dermatology lilichapisha utafiti uliofanyika Tanzania, uliolinganisha watu wenye ualbino na wasio nao. Wenye ualbino waliokutwa na keloidi walikuwa asilimia 7.5, na wenzao wenye rangi ya kawaida asilimia 8.5. Tofauti hiyo ni ndogo mno kubeba nadharia nzima.

Habari hii inanigusa. Nina keloidi kifuani iliyoanza na chunusi nikiwa kidato cha tatu, na nyingine begani palipochomwa chanjo ya kifua kikuu, na tangu utoto nimeambiwa kwamba ngozi nyeusi ndivyo ilivyo. Wengine walikuwa na maelezo yao: damu chafu, kujikuna, kula mayai kidonda kikiwa kibichi. Bibi mzaa mama alikuwa akisema, "Damu yako kali, mjukuu wangu," akaishia hapo. Siku hizi nafundisha baiolojia, na nikipima maelezo yote niliyowahi kupewa, la bibi ndilo lililokaribia zaidi kinachotokea ndani ya ngozi.

Asili ya mtu ina uzito, hilo halina ubishi. Vitabu vya tiba hurudia takwimu mbili za zamani: asilimia 16 ya watu wazima huko Kongo enzi za Zaire, na chini ya asilimia 0.1 kwa Uingereza. Wajapani na Wachina nao wanazipata kuliko Wazungu. Kumbe kinachorithiwa ni kitu kinachosafiri pamoja na rangi katika koo zetu, wala si rangi yenyewe.

Kwanza tutenganishe makovu mawili ambayo watu huyachanganya, hata hospitalini. Kuna kovu nene, jekundu au jeusi, linaloinuka baada ya kuungua au kupasuliwa lakini linabaki palepale jeraha lilipokuwa. Hilo hupungua lenyewe kadiri miezi na miaka inavyopita. Keloidi haina adabu hiyo. Inavuka kingo za jeraha na kuingia kwenye ngozi nzima ambayo haikuguswa na kisu wala sindano, na ni nadra sana inywee yenyewe. Mfaransa Jean-Louis Alibert, daktari wa hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, aliyeielezea mwaka 1806, alidhani ana saratani mbele yake, kwa jinsi ilivyokuwa ikijipenyeza pembeni kama magando ya kaa. Baadaye alijirekebisha. Keloidi haisambai kwenda mapafuni wala kwenye ini. Lakini simlaumu, maana tabia ya kutokujua mpaka ni ya saratani kweli, na watafiti wa leo bado wanaikuta keloidi ikitumia baadhi ya mbinu zilezile.

Ili kuona inapokosea, itazame ngozi inayopona vizuri. Ukijikata, chembe sahani za damu hufika kwanza, huganda, na papo hapo humwaga protini za kuita msaada. Chembe nyeupe za damu hufuata, zinaua vijidudu na kusafisha mabaki. Hapo ndipo kidonda kinapovimba, kinakuwa na joto na kuuma; madaktari huiita hali hiyo inflamesheni. Siku chache baadaye zinaingia faibroblasti, seli za ngozi ya ndani ambazo kazi yake ni kufuma nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Zinaanza na kolajeni ya aina ya 3, ya haraka na nyembamba, kisha taratibu inabadilishwa na ya aina ya 1 iliyo imara. Baadhi ya faibroblasti hugeuka kuwa na nyuzi za kujikunja kama za msuli, zikazivuta kingo za kidonda zikutane. Kazi ikiisha, seli hizo hujiua kwa utaratibu maalumu ulioandikwa ndani yao. Kovu linabaki, linaiva kwa mwaka mzima hivi, na nguvu yake haizidi asilimia 80 ya ngozi ya awali.

Katika mlolongo huo kifo ndicho kinachosahaulika. Shuleni tunafundisha kupona kama habari ya kujenga tu. Ukweli ni kwamba jeraha linapona vizuri pale seli zilizolijenga zinapokubali kufa. Za keloidi zinagoma. Faibroblasti zilizotolewa kwenye keloidi na kukuzwa maabara hazisikii vizuri ishara za kujiua ambazo za ngozi ya kawaida huzitii. Zinaendelea kuishi na kuzaana, na huku zinafuma. Kiasi cha kolajeni kinachotengenezwa kwenye keloidi hutajwa kuwa mara 20 hivi ya ngozi ya kawaida. Na nyuzi zenyewe hazipangwi vizuri: chini ya hadubini yanaonekana mafungu manene ya rangi ya waridi, yamelala ovyo, kama yamevimba. Daktari wa patholojia akiyaona hana haja ya kuuliza kovu limetoka wapi.

Nani anazichochea? Jibu lenye ushahidi mwingi kuliko mengine ni protini iitwayo TGF-beta, hasa ya namba 1. Chembe sahani huimwaga tangu dakika za kwanza, makrofaji, zile chembe nyeupe zinazomeza vijidudu na mabaki, huiongeza, na faibroblasti nazo huitengeneza. Inapofika juu ya seli inakamata kipokezi cha kwanza, hicho kinakishtua cha pili, na cha pili kinabandika fosfeti kwenye protini mbili zilizokuwa zikielea ndani, Smad2 na Smad3. Zikishabandikwa, zinaungana na Smad4, zinaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kolajeni. Wakati huohuo zinawasha jeni za protini zinazowazuia vimeng'enya wanaobomoa kolajeni iliyozidi. Utengenezaji unapanda, ubomoaji unashuka, vyote kwa ishara moja.

Mwili wenye afya una kizuizi chake. Ishara ileile ya TGF-beta huwasha pia Smad7, ambayo kazi yake ni kurudi kwenye kipokezi na kukizima. Kwa hiyo kila amri ya kujenga inatoka na amri ya kusimama ikiwa imefungwa ndani yake. Kwenye faibroblasti za keloidi Smad7 imekutwa ikiwa pungufu. Ishara inaendelea kuwaka, seli inatengeneza TGF-beta zaidi, inaimwaga nje, na inaipokea yenyewe. Umewahi kuwa harusini MC akakosea akasogeza maikrofoni karibu na spika? Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maikrofoni, inatoka tena kubwa zaidi, mpaka ukumbi mzima unaziba masikio. Hakuna aliyeongea kwa nguvu. Mzunguko wenyewe ndio uliokosa kukatwa.

Kinachonivutia zaidi ni mahali TGF-beta inapohifadhiwa. Haielei tu huru. Kiasi kikubwa kimefungwa ndani ya ganda la protini, na ganda hilo limening'inizwa kwenye nyuzi zinazozizunguka seli. Limelala hapo, halina madhara. Mojawapo ya njia za kulifungua ni kulivuta. Seli ina vishikizo juu yake viitwavyo integrini. Vikilishika ganda na seli ikajikunja, na nyuzi za upande wa pili zikawa ngumu kiasi cha kutobonyea, ganda linafumuka na TGF-beta inatoka. Kwenye tishu laini kuvuta hakufui dafu, nyuzi zinafuata tu. Kwenye tishu ngumu kunafaulu. Na kolajeni inapozidi ndivyo tishu inavyokuwa ngumu. Kovu linajiandalia mazingira ya kuendelea kukua.

Ukishaelewa hilo, ramani ya keloidi mwilini inaanza kuleta maana. Zinapenda katikati ya kifua, mabega, sehemu ya juu ya mgongo, taya, chini ya kitovu. Hazipendi utosi wa kichwa, ambako ngozi imekazwa juu ya mfupa na haitembei, wala kope la juu, ambalo ni legelege muda wote. Kifuani ngozi inavutwa huku na huku kila unaponyoosha mkono au kuvuta pumzi. Rei Ogawa na wenzake wa Nippon Medical School jijini Tokyo walilifanyia jambo hili hesabu za kihandisi, zile wanazotumia watu wa madaraja, wakaona mvutano unakuwa mkubwa kwenye kingo za keloidi na mdogo katikati. Ndiyo maana ile ya kifuani hurefuka kwenda kulia na kushoto, na za begani mara nyingi huchukua umbo la kipepeo. Ya kwangu ya kifuani imefanya hivyohivyo. Katikati imelala, haina habari, ila ncha mbili ni nyekundu na zinawasha.

Kuwasha huko si kitu cha pembeni. Kwenye ukingo unaosonga mbele kuna chembe za kinga kibao: makrofaji, chembe nyeupe ziitwazo chembe T, na chembe za masti zinazomwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho. Kuna interlukini, protini ambazo chembe za kinga hutumia kupashana habari: ya 6, ya 4 na ya 13, hizi mbili za mwisho zilezile zinazosumbua watu wa pumu na wa ukurutu. Ogawa anakwenda mbali na kusema keloidi ni ugonjwa wa inflamesheni isiyoisha kwenye tabaka la chini la ngozi ya ndani, na kolajeni yote unayoiona ni matokeo tu. Hapo ndipo ninapomkumbuka bibi na damu yake kali. Ndiyo maana pia mkwaruzo wa juujuu hauzai keloidi hata kwa mtu aliyejaaliwa kuzipata. Lazima jeraha lifike lile tabaka la chini. Chunusi kubwa inafika. Sindano ya kutoga sikio inafika. BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, huwekwa makusudi ndani ya ngozi, kisha inafanya kijipu kinachochukua wiki kadhaa kukauka, na mara nyingi iko kwenye bega: kina kipo, inflamesheni ndefu ipo, mvutano upo. Simaanishi watoto wasichanjwe. Kifua kikuu cha ubongo kwa mtoto mchanga hakilinganishwi na kovu.

Sikio linawasumbua wenye nadharia ya mvutano, maana ndewe haivutwi na chochote zaidi ya uzito wa hereni. Hapo kinachotajwa ni tundu linalochokonolewa kila siku na chuma kinachokera ngozi, pamoja na uambukizo. Umri nao una sauti. Uchunguzi mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulikuta waliotogwa wakiwa na miaka 11 au zaidi wanapata keloidi za masikio kwa wingi kuliko waliotogwa wadogo. Wanawake wa pwani wanaowatoga mabinti zao wakiwa bado wanabebwa hawakuhitaji jarida kuwaambia. Keloidi kwa jumla hushamiri kati ya miaka 10 na 30, na wengine huziona zikivimba wakati wa ujauzito, kwa hiyo homoni zimo.

Na hapa niseme la chale, kwa sababu kila mara mtu huniuliza mbona wazee walichanjwa mwili mzima bila kuota mabonge. Wamakonde walichanja nyuso. Katika Kongo, wanawake wa Kiluba walichanjwa tumboni na mgongoni kwa mistari na vifungu vilivyoinuka, na uzuri wa kazi ulipimwa kwa jinsi vilivyoinuka sawasawa. Ili kovu lisimame, fundi aliinua ngozi kabla ya kuikata, na mara nyingi kidonda kilipakwa majivu, masizi au utomvu wa mti. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa akirefusha inflamesheni kwa kipimo. Alitaka kovu nene linalobaki ndani ya mstari wake, na kwa watu wengi alilipata. Keloidi halisi ingemharibia kazi, ingemeza nakshi za jirani. Kwa hiyo makovu yale maarufu kwenye picha za makumbusho, ambayo Wazungu waliyaandika kwa jumla kuwa keloidi, mengi yake si keloidi. Yanaonyesha kinyume: hata katika watu wenye asili ya kuzipata, ngozi nyingi iliyojeruhiwa kwa makusudi na kuudhiwa kwa makusudi ilijua pa kuishia.

Wapi basi tofauti ya mtu na mtu? Kwenye jeni, kwa sehemu. Kuna koo ambazo keloidi hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kizazi hadi kizazi, ingawa wapo wanaobeba bila kuzionyesha. Mwaka 2010 Wajapani walichunguza jenomu za wagonjwa wengi na kukuta maeneo yanayohusika kwenye kromosomu ya 1, ya 3 na ya 15. Kwenye hiyo ya 15 kuna jeni iitwayo NEDD4. Mwaka 2017 ukoo mmoja wa Kiyoruba wa Nigeria ulikutwa na badiliko kwenye jeni nyingine kabisa, ASAH1, inayohusika na kubomoa mafuta fulani ndani ya seli. Hakuna jeni moja ya keloidi ya watu wote. Inaelekea njia ni nyingi na zote zinamiminika kwenye mzunguko uleule.

Utafiti unakwama pia kwa sababu ya panya. Hawapati keloidi. Wala nguruwe, wala sungura, wala mnyama mwingine yeyote anayejulikana. Ni maradhi ya binadamu peke yake. Watafiti hulazimika kutumia seli kwenye sahani, au kupandikiza kipande cha keloidi ya mtu kwenye panya asiye na kinga. Tangu ilipowezekana kusoma jeni za seli mojamoja, mambo yamesogea: mwaka 2021 kundi la watafiti wa China lilionyesha kwamba ndani ya keloidi faibroblasti hazifanani, na kuna aina moja inayoongezeka mno, yenye tabia ya seli za kujenga mifupa na gegedu.

Kama TGF-beta ndiyo tatizo, mbona isizimwe? Wamejaribu kuizunguka. Mtoto aliye tumboni, katika miezi ya mwanzo, akijeruhiwa hupona bila kovu, na jeraha lake lina TGF-beta namba 3 kwa wingi kuliko namba 1. Kampuni ya Renovo ya Manchester, Uingereza, ikatengeneza namba 3 kama dawa ya kupunguza makovu ya kawaida. Majaribio ya mwanzo yalitia moyo, fedha zikaingia, kisha mwaka 2011 jaribio kubwa la mwisho likashindwa. Dawa haikuizidi sindano ya maji. Kuizima TGF-beta mwili mzima nako ni hatari, maana hiyohiyo inatuliza kinga na kuzuia baadhi ya seli zisizaane ovyo.

Tiba tulizo nazo ni butu, lakini ukijua zinapiga wapi unaacha kukata tamaa ovyo. Sindano ya triamsinoloni, steroidi inayochomwa ndani ya kovu kila baada ya wiki nne hadi sita, inazima inflamesheni na kuwarudisha kazini vimeng'enya wanaobomoa kolajeni. Fluorourasili, dawa ya saratani, inachomwa humohumo kuzuia faibroblasti zisigawanyike, na nyingi hufa. Kugandisha kwa naitrojeni kunaua seli kwa baridi. Hereni za kubana na karatasi za silikoni zinasaidia kwa waliokwisha kutibiwa, zikivaliwa kwa miezi, jambo ambalo kwa joto la Dar es Salaam ni mtihani wa imani.

Kukata peke yake ni balaa. Keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine hurudi kati ya asilimia 45 na 100 ya nyakati, na mara nyingi inarudi kubwa kuliko ilivyokuwa, kwa sababu umeuachia mwili uleule jeraha jipya, refu zaidi, mahali palepale penye mvutano. Upasuaji unafaa pale unapofuatwa na sindano, au na mionzi ndani ya siku moja hadi tatu, wakati faibroblasti bado zinajikusanya. Tanzania mashine za mionzi zina foleni ya wagonjwa wa saratani, na sioni haya kusema hao watangulie. Kinachoniudhi ni mtu anayekukata kwenye chumba kidogo, anapokea hela yake, halafu hakuambii neno kuhusu sindano za baadaye. Nililipata hilo mahali fulani nisipopataja, na urefu wa kovu la kifuani leo ni kazi ya mikono ile.

Sasa nachomwa steroidi. Kuwasha kulitangulia kuondoka, kabla ukubwa haujabadilika hata kidogo, na nesi aliyekuwa akinihudumia alishangaa nilivyofurahi. "Kaka, mbona bado lipo?" Nilimweleza kwamba kilichobaki ni kolajeni ya zamani, ambayo huondoka polepole kama itaondoka, na kwamba ncha zile mbili zimeacha kuwaka. La begani halijasogea kwa miaka mingi. Nimemwambia daktari tusiliguse.